Maswali ya Wasomaji: Zulia la Ndege Ndogo na Kilichojificha Chini Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki ndege ya injini moja yenye viti vinne, ambayo umri wake umepita miaka 40. Zulia lake limechakaa kiasi kwamba pale ninapoegemeza kisigino wakati wa kukanyaga pedali pametoboka na bati la sakafu linaonekana. Fundi anayenishonea viti vya gari yuko tayari kunikatia zulia jipya kutoka kwenye roli lake la mazulia ya magari, na anasema kazi yenyewe haizidi siku moja. Je, ninaruhusiwa kulivua na kulibadilisha mwenyewe? Na je, zulia la gari linafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, kubadilisha zulia kwa mikono yako mwenyewe kwa kawaida hakuna tatizo, lakini kuhusu hilo roli la mazulia ya magari ninakuomba usubiri kidogo.

Tuanze na ruhusa. Ndege hufuata sheria za nchi ilikosajiliwa, na hizo ndizo unazopaswa kuzisoma kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Kanuni za Marekani, ambako ndege nyingi ndogo za aina yako zilibuniwa, zinaweka ukarabati wa vitambaa na mapambo ya ndani katika orodha ya matengenezo ya kinga, iliyomo katika Kiambatisho A cha Sehemu ya 43. Rubani mwenye leseni anayemiliki ndege anaweza kufanya kazi za orodha hiyo yeye mwenyewe, mradi asifungue sehemu ya muundo mkuu wa ndege wala kuugusa mfumo wowote wa uendeshaji, na mradi ndege hiyo haitumiki katika biashara ya kusafirisha abiria. Akimaliza, anaandika katika kitabu cha kumbukumbu za ndege kazi aliyoifanya na tarehe aliyoimaliza, kisha anatia sahihi pamoja na namba na aina ya leseni yake. Ukiona kwamba ili zulia litoke ni lazima ulegeze kebo, ufungue vali ya mafuta au uondoe kitu kilichofungwa kwa riveti, basi kazi imekwisha kuvuka mpaka wako na inamhitaji fundi wa ndege mwenye leseni.

Suala la kitambaa ni zito zaidi, kwa sababu linahusu moto. Nyumbani zulia likishika moto watu hukimbilia nje. Angani hakuna nje ya kukimbilia, na moshi katika chumba chenye ukubwa wa gari dogo unatosha kumfanya rubani asizione saa za vipimo zilizo mbele yake. Ndiyo maana kitambaa cha ndani ya ndege kina masharti yake, na masharti hayo hutegemea kanuni zilizotumika kuithibitisha aina ya ndege yako. Ndege zilizothibitishwa kwa kanuni za zamani za Marekani zinazojulikana kama CAR 3, kama vile Cessna 172 ya mwaka 1955 na Piper PA-28 ya mwaka 1960, zinadai angalau kitambaa kisicholipuka kwa miali mikali pindi kinapopata cheche. Zilizokuja baadaye chini ya Sehemu ya 23 ya kanuni hizo za Marekani zinadai zaidi: kitambaa kisiendelee kuueneza mwali kupita kiwango salama baada ya chanzo cha moto kuondolewa. Waraka wa data wa cheti cha aina ya ndege yako utakuambia uko upande upi.

Wauzaji wa vitambaa vya ndege, hata hivyo, kwa kawaida hupima bidhaa zao kwa kipimo kikali zaidi, kile cha ndege kubwa kuliko yako. Kipande cha zulia hutundikwa wima na mwali kuwekwa kwenye ncha yake ya chini kwa sekunde 12. Mwali ukiondolewa, kwa wastani wa vipande vilivyopimwa, moto unatakiwa uwe umezimika ndani ya sekunde 15, sehemu iliyoungua isizidi sentimita 20 hivi, na matone yanayodondoka yasiendelee kuwaka zaidi ya sekunde 5. Ukinunua zulia lililopita kipimo hicho unapewa cheti kinachotaja kitambaa chenyewe na matokeo yake, na cheti hicho ndicho unachokihifadhi pamoja na kumbukumbu za ndege.

Zulia la gari nalo lina kipimo chake. Kiwango namba 302 cha magari cha Marekani kinataka kitambaa kikilazwa kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kwa hiyo sisemi kwamba roli la fundi wako ni petroli. Ninachosema ni kwamba kulazwa na kutundikwa wima ni mambo mawili tofauti, kwa kuwa moto hupenda kupanda, na kwamba mkaguzi atakapokuuliza karatasi ya zulia hilo utakuwa na risiti tu. Mkubali fundi wako, ukatae roli lake: mpe kitambaa ulichonunua chenye cheti, yeye akate na kushona.

Ukiulizwa sufu au nailoni, mimi ninapendelea sufu, ambayo kwa asili yake huwaka kwa shida na haiyeyuki. Nailoni hustahimili kusuguliwa na viatu vizuri sana, lakini hurudi nyuma ikiyeyuka inapokutana na moto, na matone yake ya moto hunata kwenye ngozi. Angalia pia kama kinga ya moto imo ndani ya uzi wenyewe au ni dawa iliyopakwa juu, kwa sababu dawa ya kupakwa hupungua kila zulia linapofuliwa.

Sasa ukataji. Usilitupe zulia la zamani hata kama linanuka. Lifyonze vumbi, likaushe, uviandike vipande vyote kwa chaki: mbele kushoto, mbele kulia, chini ya kiti cha nyuma, mlangoni. Hicho ndicho kielelezo chako, nacho ni bora kuliko kipimo chochote cha utepe, maana tayari kinajua ilipo kila reli na kila kifuniko cha ukaguzi. Kumbuka tu kwamba zulia kuukuu hunyauka au kutanuka. Kabla ya kukata kitambaa chenyewe, hamishia mchoro kwenye karatasi ngumu na ukaijaribu sakafuni. Na kumbuka jambo ambalo mimi nililisahau nilipofanya kazi hii mara ya kwanza: ukichora upande wa mgongo wa zulia, kielelezo ni lazima ukigeuze kifudifudi. Mimi sikukigeuza. Nilikata kwa uangalifu mkubwa kipande cha mbele chenye tundu la mkono wa kuchagulia tangi la mafuta, kingo zikatoka safi kabisa, na nilipokiingiza ndani nikakuta tundu liko upande wa abiria. Kipande hicho hadi leo kimetandikwa chini ya meza yangu ya kazi.

Tundu hilo la mkono wa mafuta lifanye pana. Mkono uzunguke kutoka tangi moja hadi jingine bila kugusa uzi hata mmoja, na maandishi yanayoonyesha tangi lipi ni lipi yasifunikwe. Hali kadhalika kwenye gurudumu la mkono la kurekebishia mkia na kwenye pedali: zikanyage hadi mwisho, kushoto na kulia, pamoja na breki, ukiwa umevaa viatu unavyorukia. Vipande vyote vielekeze manyoya yake upande mmoja, la sivyo rangi itaonekana kama ya mazulia mawili tofauti. Kingo zipigwe ovaloki au zishonewe utepe, kwa sababu uzi unaochomoka kwenye ukingo huishia kujisokota penye kitu kinachozunguka. Pale kwenye kisigino mwambie fundi ashonee kiraka cha ngozi bandia iliyopita kipimo kilekile cha moto. Usifikirie kuweka mkeka mdogo juu ya zulia ili kulilinda. Mkeka usiofungwa huteleza na kuingia chini ya pedali.

SWALI: Fundi, nimefuata ushauri wa rafiki na kulivua zulia la ndege yangu kabla ya kununua jingine. Chini yake nimekuta sponji iliyolowa, unga mweupe kwenye bati, na gundi iliyokauka kama ganda la mti. Je, nisafishe kwa thina na brashi ya waya, kisha nibandike zulia jipya kwa gundi ya mpira?

JIBU: Hapana, si kwa thina, si kwa brashi ya waya, na ikiwezekana si kwa gundi.

Unga huo mweupe ndio kutu ya alumini. Mwenzetu chuma akila kutu huwa mwekundu na kila mtu humwona. Alumini hulika kimya, na hulika vizuri zaidi ikifunikwa na sponji inayofyonza maji na kuyashikilia mwaka mzima. Brashi ya waya wa chuma, au sufi ya chuma, huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na metali mbili zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Tumia pedi ya nailoni. Ukishafuta unga, pitisha kucha yako juu ya bati. Likiwa laini na lina doa tu, lisafishe, likauke, lipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, au ukiona bati limevimba na kuachana tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, simamisha kazi na umwite fundi mwenye leseni, kwa sababu hapo swali ni kiasi gani cha unene kimebaki. Ukikuta kiota cha panya usikipuuze hata kidogo: mkojo wao hula alumini kuliko maji ya mvua.

Kabla ya kutandika chochote, tafuta maji hayo yaliingilia wapi. Kaa ndani, mwenzako amwagie maji taratibu mlangoni, kwenye kioo cha mbele na kwenye matundu ya hewa, nawe ukiwa na tochi. Zulia jipya juu ya mpira wa mlango uliochoka ni kuanza safari ileile upya.

Gundi kuukuu ikwangue kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi, maana mchubuko kwenye bati ni mlango wa kutu. Thina na asetoni ziweke mbali: zikigusa madirisha ya plastiki, yatajaa nyufa ndogondogo ambazo hakuna king'arisho kitakachoziondoa, na mvuke wake ndani ya chumba kilichofungwa hungoja cheche moja tu ya swichi. Ukilazimika kutumia kiyeyushi chochote, ondoa waya wa betri, fungua milango yote na ufunike madirisha.

Kwa kushikilia zulia jipya ninapendekeza utepe wa Velcro kwenye kingo na pembeni, au vifungo vya kubana kama mtengenezaji wa ndege alivitumia. Kila ukaguzi wa mwaka huanza kwa kufungua vifuniko vya sakafuni ili kebo na mabomba yaonekane, na zulia lililogandishwa kwa gundi huchanwa siku hiyo hiyo. Sababu ya pili ni moto: cheti chako kinahusu zulia lilivyopimwa, na ukiongeza gundi na sponji umetengeneza kitu kingine ambacho hakuna aliyekipima. Mimi sponji ningeiacha kabisa.

SWALI: Zulia jipya ni zito kidogo kuliko la zamani. Je, inanibidi nipime ndege upya?

JIBU: Pima mazulia, si ndege. Weka la zamani lote kwenye mizani, pamoja na sponji lakini likiwa kavu, kisha jipya, uandike tofauti. Mwongozo wa Marekani huichukulia tofauti isiyozidi gramu 454 kuwa ndogo ya kupuuzwa, kwa ndege ambayo tupu ina uzito usiofika kilo 2,268. Ikizidi hapo, hesabu mpya inaandikwa na mwenye mamlaka ya kuiandika. Usiogope matokeo yake: kilo moja na nusu ikiongezwa sentimita 90 nyuma ya kitovu cha uzito cha ndege ya kilo 700 hukisogeza kitovu hicho kwa chini ya milimita 2.

SWALI: Tangu nibadilishe zulia, kiti changu hakijifungi mara ya kwanza. Inabidi nikitikise mbele na nyuma ndipo nisikie mlio. Je, ni kawaida kwa zulia jipya?

JIBU: Si kawaida, na ndege hiyo isiruke hadi umepata sababu. Kiti hushikiliwa na pini inayoingia kwenye matundu ya reli. Ukingo wa zulia ukipanda juu ya reli, au manyoya yaliyokatwa yakijaza tundu, pini hukaa nusu, na kiti huonekana kimejifunga hadi ndege inapoinua pua kuondoka. Hapo kiti huteleza nyuma, rubani naye huushikilia usukani kwa hofu na kuuvuta, na pua huzidi kupanda. Ajali za namna hiyo ndizo zilizozaa agizo la usalama la Marekani namba 2011-10-09, linalotaka reli na pini za viti vya ndege nyingi za Cessna zikaguliwe mara kwa mara.

Toa kiti, fyonza kila tundu, umulike kwa tochi. Kata zulia pembeni mwa reli hadi kiti kipite kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuligusa. Unaporudisha kiti, hakikisha vizuizi vya ncha za reli, vile ulivyovitoa ili kiti kichomoke, vimerudi mahali pake na kukazwa. Vidogo kama vilivyo, husahaulika kwenye kopo la skrubu. Kisha kaa, funga mkanda, sukuma mgongo kwa nguvu ukiwa umeikanyaga pedali, na urudie katika kila tundu unalolitumia. Kama pini bado inasita ilhali reli ni safi, zulia halina hatia: ama matundu yamelika ama springi imechoka, na fundi mwenye leseni ndiye wa kuvipima.