Usikubali ikwanguliwe

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Moshi hatujambo, ila baba yako na goti lake ndio hivyo.

Unasema muuzaji mmoja hapo Arusha ana picha ya chui anayodai ilichorwa na Edward Tingatinga mwenyewe, na fundi anataka kukwangua rangi kidogo akaipime. Umeuliza kama kuna njia nyingine. Ipo. Hiyo ni rangi ya mafuta, zile za baiskeli, juu ya hadibodi. Ikibanduka haina wa kuirudisha.

Mama yako kazeekea chumba cha eksirei, kwa hiyo nisikilize. Anza na vya bei rahisi. Funga mapazia, washa tochi, iweke ubavuni kabisa mwa picha. Nyufa na mapito ya brashi yote yatajitokeza. Kisha azima taa ile wanayokagulia noti. Rangi iliyoongezwa baadaye mara nyingi huonekana tofauti na jirani zake. Itazame sahihi kwa makini: wino wake ukiwa umetiririkia ndani ya ufa, ujue imeandikwa picha ikiwa tayari imezeeka.

Juu ya hapo kuna mashine inayopiga eksirei kwenye rangi, kisha inasoma madini yaliyomo: risasi, titani, zebaki. Wanunuzi wa dhahabu wanazo ndogo za mkononi. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba kule Hamburg wamepitisha miale ya aina hiyo, nukta kwa nukta, juu ya picha ya majani ya mchoraji Van Gogh. Chini yake ukatokea uso wa mwanamke, kwa zebaki ya rangi nyekundu na antimoni ya rangi ya njano. Picha haikupata hata mkwaruzo.

Lakini usidhani mashine itakumalizia kesi. Mjerumani Beltracchi, mghushi wa picha, alinaswa kwa sababu picha aliyoiuza kama ya 1914 ilikuwa na nyeupe ya titani, ambayo wakati huo haikuwa sokoni. Kwako mtego huo haushiki kitu. Tingatinga alichora mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki 1972, na titani ilishaenea kwenye makopo ya rangi. Tafuta kilichokuja baada yake. Kuna nyekundu kali waliyoibatiza nyekundu ya Ferrari, iliyoingia sokoni miaka ya 1980. Hiyo hutambuliwa vizuri kwa mwanga wa leza, nao hauhitaji kukwangua. Ikikutwa kwenye ulimi wa chui, na si kiraka cha baadaye, basi si kazi ya marehemu.

Isipokutwa, bado. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, walitumia rangi hizo hizo, na mashine haijui mkono wa nani ulishika brashi. Muulize muuzaji aliinunua kwa nani, lini, na kama kuna risiti au foto ya zamani. Akianza kubabaika, mpe bei ya chui mzuri tu, kama umempenda.

Mama yako