Namba za mchoro wa pampu haziendani na orodha ya vipuri

Ndugu, umeeleza kwamba kila ukirekebisha kipande kimoja cha pampu yako kwenye kompyuta, vingine vinahama, na namba kwenye mchoro hazilingani tena na orodha ya vipuri. Usihangaike na mchoro kwanza. Rudi kwenye modeli, yaani umbo la pampu la pande tatu ambalo mchoro unatokana nalo.

Angalia kipande cha kwanza ulichoingiza, yaani bodi ya pampu. Je, umekifunga kisisogee? Kipande kilicho huru kina njia 6 za kusogea: 3 za kuteleza na 3 za kuzunguka. Kikiachwa hivyo, kila ulichokiunganisha nacho kinakwenda nacho. Kifunge, kisha shafti ifuate mhimili wa tundu la beringi, na boliti zishike matundu yake, si kingo. Ukiviringa kona kidogo tu, ukingo wa zamani unapotea, na hapo ndipo viungo vingi hukatika.

Namba nadhani uliziandika kwa mkono. Zifute zote, hata kama inauma. Ingiza orodha kutoka kwenye modeli yenyewe, halafu kwenye mchoro weka viduara vya namba za vipande vinavyoisoma orodha hiyo. Ukiongeza washa moja (pete ya chini ya boliti), idadi itabadilika yenyewe.

Halafu huo mkato, yaani mwonekano wa pampu kama imepasuliwa ili ndani ionekane: shafti na boliti umezijaza mistari ya mshazari. Kwa kawaida haziwekwi mistari hiyo zikikatwa kwa urefu wake. Programu ina sehemu ya kuziondoa kwenye mkato. Bodi na kifuniko uvipe mistari inayoelekea pande tofauti, ili fundi aone mara moja kipi kinaishia wapi.