Jibu: Ubingwa wa Chicago katika msimu wa 1907–08

Ndugu, umeuliza ni vipi Chuo Kikuu cha Chicago kinatajwa kuwa bingwa wa Marekani wa mpira wa kikapu mwaka 1908, ilhali mashindano ya taifa ya vyuo yalianza 1939, na kwa nini pointi zilikuwa chache kiasi kile.

Kwa maoni yangu, ubingwa ule ulipatikana kwa jasho. Vijana wa kocha Joseph Raycroft walilingana na Wisconsin kileleni mwa ligi yao, wakalazimika kucheza mchezo wa kuamua, ambao waliushinda kwa 18–16. Ndipo wakakutana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, bingwa wa ligi ya vyuo vya mashariki mwa Marekani, wakamfunga 21–18 nyumbani, kisha 16–15 kule Philadelphia. Orodha ya mabingwa wa vyuo iliyotungwa na Helms, taasisi ya michezo ya Marekani, ambayo wengi huitegemea kuwataja mabingwa wa miaka ya kabla ya 1939, ilikuja miongo kadhaa baadaye.

Kuhusu pointi, kumbuka kwamba kila baada ya kikapu mpira ulirudishwa katikati ya uwanja, mwamuzi akaurusha juu, na wachezaji wawili wakauruka kuugombea, kazi ambayo kwa Chicago ilikuwa ya John Schommer, nyota wa timu. Muda mwingi ulipotea hapo. Isitoshe, mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umekazwa kwa kamba kwenye mshono, na ulipodundia upande wa kamba ulikwenda kombo. Ushindi wa pointi moja ugenini, katika mazingira hayo, nauheshimu sana.