Kukusanya wadudu, kaa na uduvi wa mitoni: mambo ya kujua kabla hujaingia majini

Mtu anayeanza kazi hii huwa na haraka ya kushika wavu. Subiri kidogo, kwanza ujue unauliza nini. Kupima afya ya mto ni kazi moja, kujua mto una aina ngapi za viumbe ni kazi nyingine, na wanaozichanganya hurudi na orodha isiyojibu swali lolote vizuri.

Kwa afya ya mto, Tanzania ina mfumo wake wa kupima mito kwa viumbe wake, uitwao TARISS, uliotokana na mfumo kama huo wa Afrika Kusini, SASS5. Unakusanya viumbe kwa wavu, unawatambua hadi familia papo hapo ukingoni, kila familia ina alama yake kulingana na inavyostahimili uchafu, unajumlisha, kisha unagawa kwa idadi ya familia. Ni mfumo mzuri na wa gharama ndogo. Lakini haukuambii spishi. Familia ya Baetidae, ya kundi la Ephemeroptera (wadudu wa majini ambao wakikomaa huishi muda mfupi sana), inaweza kuwa na spishi kadhaa kwenye jiwe moja la Mto Sigi, na kwenye fomu ikawa jina moja tu. Ukitaka anuwai ya spishi utahitaji wavu wenye matundu madogo zaidi, misimu zaidi ya mmoja, wadudu waliokomaa wanaoruka, na muda mrefu mezani. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa kazi hii ya pili, ingawa mbinu za kuingia mtoni ni zilezile.

Vibali vianze mapema, miezi kabla ya safari. Kibali cha utafiti ni cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, huhusika na utafiti wa wanyama hao, na misitu ya hifadhi kama Amani iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Bodi ya maji ya bonde husika iarifiwe pia. Nchi ina mabonde tisa. Na usiache kuripoti serikali ya kijiji. Watu wa kijijini ndio wanaojua kidimbwi chenye mamba, na mahali ambapo viboko hutokea jioni. Kwenye Kilombero, Rufiji na Ruaha Mkuu swali hilo liulizwe kila siku, kwa sababu mnyama aliyekuwa kule jana leo anaweza kuwa hapa.

Kuhusu msimu: usikusanye mto ukiwa umefurika. Mafuriko hung'oa viumbe kwenye mawe na kuwasukuma chini, na wewe utahesabu umaskini ambao si wa kweli. Mvua kubwa ikipita, ngoja wiki kadhaa maji yasafike na viumbe warudi. Safari mbili kwa mwaka ndiyo kima cha chini: moja mwishoni mwa kiangazi, nyingine maji yakishatulia baada ya masika. Spishi nyingi huonekana kwa muda mfupi tu zikiwa kubwa vya kutosha kutambulika. Muda uliobaki ni mayai, au tunutu (wadudu wachanga wa majini) wadogo ambao hakuna ufunguo wa utambuzi, yaani mwongozo wa kutafutia jina la kiumbe, utakaowafikia.

Kituo kisichaguliwe kwa sababu gari linafika. Vituo vyote vikiwa kwenye madaraja utakuwa umetafiti madaraja: mahali watu wanapofulia, ng'ombe wanapokunywa, na miti ilipokatwa. Panga vituo kuanzia chemchemi na vijito vya msituni hadi tambarare, na kila kituo kiwe na kipande cha mto cha mita 50 hadi 100. Milima ya Tao la Mashariki ndiko ambako uzembe huu unaumiza zaidi. Kuna kereng'ende mwembamba, Amanipodagrion gilliesi, anayejulikana kutoka vijito vya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, tu, na yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Huwezi kumwona kwenye daraja la barabara. Ukimwona popote, mpige picha na umwache.

Ukifika, pima maji kabla ya kuyakanyaga: joto, oksijeni iliyoyeyuka, pH na upitishaji umeme. Andika na saa, maana oksijeni ya asubuhi si ya alasiri. Kisha anza chini na upande juu, ili tope unalotibua lisije likaingia kwenye sampuli inayofuata.

Wavu wa TARISS ni fremu ya sentimita 30 kwa 30, matundu milimita moja. Kwa orodha ya spishi tumia matundu ya mikroni 250 hadi 500. Ya milimita moja hupitisha tunutu wachanga na mabuu mengi ya Chironomidae, vijidudu wanaofanana na mbu ila hawaumi. Simika wavu ukiwa umegusa chini, mdomo wake ukitazama maji yanakotoka. Simama mbele yake na usugue mawe kwa miguu, ukigeuza na kusukuma, ili vilivyobanduka vibebwe na mkondo hadi mfukoni. Kwa mawe yaliyo kwenye mkondo dakika mbili zinatosha. Kwa mawe yaliyo nje ya mkondo, moja. Kwa majani ya ukingoni, jumla ya mita mbili ukiyapiga na kuyakung'uta kutoka chini. Kwa changarawe, mchanga na tope, dakika moja. Hizo ndizo kanuni za SASS5, na ni vizuri kuzishika hata kama lengo lako ni pana zaidi, ili takwimu zako zilinganishwe na za wengine. Ukihitaji idadi kwa eneo, tumia wavu wa Surber, wenye fremu inayolazwa chini ya maji, wa sentimita 30 kwa 30, ambao hufunika mita ya mraba 0.09, na urudie mara tano au zaidi kwa kila kituo.

Kila makazi madogo yawe na chupa yake. Wengi wanaoanza humwaga vyote kwenye ndoo moja kuokoa muda, na hapo ndipo maarifa yanapopotea, kwa sababu ukichanganya huwezi tena kutenganisha. Kwenye mkondo mkali utapata Hydropsychidae, mabuu wanaofuma vyandarua vya kunasia chakula, na Simuliidae, yaani usubi. Kwenye mizizi ya ukingoni utapata uduvi wa Caridina na tunutu wa kereng'ende wembamba. Ndani ya mchanga wamejifukia Gomphidae, tunutu wa aina ya kereng'ende. Kwenye lundo la majani yaliyonasa msituni tafuta Pisuliidae, mabuu ambao nyumba yao ni vipande vya majani vilivyounganishwa kwa umbo la pembetatu. Mtu asiyewajua huwatupa pamoja na takataka. Mti uliozama ugeuzwe na kukwanguliwa, maana huko hukaa mbawakawa wadogo wa Elmidae.

Vipo viumbe ambavyo wavu haupati. Mabuu bapa ya Psephenidae, familia ya mbawakawa, hung'ang'ania jiwe kama sarafu iliyogandishwa. Inua mawe kumi hivi kwa mkono na uangalie upande wa chini. Gyrinidae, mbawakawa wanaozunguka juu ya maji, humwona mtu akiwa mbali, hivyo wavu upite haraka mara moja. Na Prosopistoma, tunutu wa Ephemeroptera mwenye gamba kama kikombe kilichofunikwa, hufanana na uchafu mpaka atembee. Hapo zamani wanasayansi wa Ulaya walimweka kwenye kundi la kaa na uduvi, kwa hiyo usione haya ukimkosa mara ya kwanza.

Jambo la kaa nalisisitiza. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua mabuu ya usubi aitwaye Simulium neavei, msambazaji wa upofu wa mtoni, yanaishi wapi. Mawe yalikaguliwa, majani yalikaguliwa, hayakuonekana. Mwaka 1950, nchini Kenya, ndipo yalipotangazwa kupatikana yakiwa yamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Usubi wengine walikutwa juu ya tunutu wa Afronurus, jenasi ya Ephemeroptera. Kwa hiyo kila kaa wa Potamonautes unayemshika mkague kwenye viungo vya miguu na pembeni mwa gamba kwa lenzi ya mkononi kabla ya kumrudisha majini, na kila Afronurus mkague mgongoni. Ukimtia kaa kwenye chupa moja na wadudu, mabuu hayo hubanduka, na utaandika kuwa yametoka kwenye jiwe.

Sasa trei. Iwe nyeupe, yenye maji safi ya mto ya kina cha sentimita mbili tu. Tia kidogo kidogo. Trei iliyojaa majani inaficha nusu ya viumbe. Kwanza kabisa toa kaa, Belostomatidae (kunguni wakubwa wa majini) na tunutu wakubwa wa kereng'ende, la sivyo wanaanza kula sampuli yako mbele ya macho yako. Kisha tulia. Wenye mbio wataonekana mara moja, ila Elmidae hujifanya wamekufa na wajenga nyumba hukaa kama vijiti; huanza kujongea baada ya dakika kadhaa. SASS5 inaruhusu dakika 15 kwa kila makazi na kukomea pale dakika tano zinapopita bila familia mpya. Kwa kazi ya spishi, ukishachagua kwa macho, mabaki yote yaingie kwenye chupa ukayapitie chini ya hadubini. Wadogo ndio wengi.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Chupa isizidi nusu kwa viumbe na takataka. Nusu nyingine iwe ethanoli. Viumbe wana maji mwilini, nayo huzimua ethanoli, hivyo ibadilishe baada ya saa 24. Usipofanya hivyo sampuli itanuka na mapezi ya kupumulia ya Ephemeroptera, ambayo ndiyo hutenganisha jenasi, yatakatika. Kwa umbile tumia asilimia 70: pima mililita 730 za ethanoli ya asilimia 96, ongeza maji mpaka ifike lita moja. Kwa vinasaba tumia ya 96 bila kuzimua, ukijua kwamba itakausha mwili na miguu itadondoka kirahisi. Basi gawa, wachache kwenye 96 na wengi kwenye 70. Fomalini iepuke. Huvunja vinasaba na ni sumu kwa anayeitumia.

Lebo iwe ndani ya chupa, kwenye karatasi nzito, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika ethanoli, na maandishi ya nje hufutika mara kifuniko kikivuja. Andika nchi, mkoa, jina la mto, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, makazi, mbinu na aliyekusanya. "Kituo cha 3" peke yake si lebo. Daftari likipotea, chupa imekufa.

Tunutu na mabuu vitakufikisha kwenye jenasi, mara nyingi basi. Kwa Plecoptera, kundi la wadudu ambao tunutu wao hukaa kwenye mawe ya mtoni, hapa kwetu utakutana karibu daima na jenasi ya Neoperla. Kwa miaka mingi Neoperla za Afrika ziliwekwa chini ya jina moja, Neoperla spio, mpaka viungo vya uzazi vya madume na mayai vilipochunguzwa ikaonekana kuwa ni spishi nyingi. Kwa hiyo wakomavu watafutwe. Tundika shuka jeupe karibu na maji, washa taa ya urujuanimno kuanzia magharibi kwa saa mbili, ikiwezekana usiku usio na mbalamwezi. Ephemeroptera wengi watakaokuja bado wana koti la mwisho, mabawa yakiwa na ukungu. Usiwaue. Waweke hai kwenye chombo chenye wavu na kijiti cha kushikilia mpaka asubuhi. Watajivua, na dume aliyekamilika ndiye anayetambulika. Mchana, tumia wavu wa kipepeo kwa kereng'ende na ukung'ute matawi yanayoning'inia juu ya maji.

Trikoptera, kundi la mabuu wajenga nyumba kama Pisuliidae, wana zawadi yao. Ukipata nyumba ya bundo (hatua kati ya buu na mkomavu) iliyozibwa pande zote mbili, usiitupe. Bundo lililokaribia kutoka lina viungo vya uzazi vya mkomavu tayari ndani yake, na mara nyingi ngozi ngumu ya kichwa cha buu imebaki kwenye nyumba hiyohiyo. Chupa moja inakupa buu na mkomavu wa spishi moja, kitu ambacho wengine hutafuta kwa kufuga miezi. Kwa Chironomidae, kinga kwa wavu povu lililokusanyika nyuma ya magogo: limejaa maganda matupu ya mabundo, na maganda hayo hutambulika vizuri kuliko mabuu yenyewe.

Funguo za Ulaya ziache kabatini. Zitakupa jina, nalo litakuwa la mdudu asiyeishi Afrika. Anza na zile zilizoandikwa kwa kusini mwa Afrika, na hata hizo zitumie kwa tahadhari kila unapopanda kaskazini. Asiyelingana na ufunguo mwite "Afronurus sp. A", mchore, mpige picha, na herufi hiyo ibaki ileile kwenye vituo vyote. Jina la kukisia hudhuru kuliko herufi ya kweli.

Unapohesabu, usilinganishe moja kwa moja kituo chenye viumbe 900 na chenye 150. Penye wengi kwa kawaida pataonekana pana aina nyingi. Punguza hesabu zote kwa kiwango kimoja kwa kuchagua viumbe bila mpangilio, kama bahati nasibu, na uchore mkunjo wa spishi mpya dhidi ya idadi ya sampuli. Mkunjo ukiwa bado unapanda, kazi ya kituo hicho haijaisha. Tazama pia ni spishi ngapi zimeonekana kwa kiumbe mmoja au wawili tu. Zikiwa nyingi, ambao hujawaona bado nao ni wengi.

Kwa vinasaba, mguu mmoja unatosha. Mwili uliobaki hauendi popote: unakaa kwenye chupa yenye namba ileile iliyo kwenye faili la mfuatano wa vinasaba, katika makumbusho au chuo kinachokubali kuongeza ethanoli kila mwaka. Makubaliano hayo yapate kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza, pamoja na idadi ya chupa na jina la idara itakayozipokea.