Maswali ya wasomaji: Reli za milima ya Alpi siku ya mawingu

Toleo lililopita tuligusia reli za milimani za Ulaya, na barua zikamiminika. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: kama nina siku moja tu, na mbingu zimefunga, nipande au nisipande? Hizi hapa chache, na majibu yake.

Wahariri, habari za kazi. Novemba nitakuwa Geneva kwa mkutano, na Jumamosi moja sina kazi. Mwenzangu ananisisitiza niende Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu kabisa milimani Uswisi, lakini simu inaonyesha mawingu wiki nzima. Si nitakuwa nimetupa fedha? (Mama wa Ntinda, Kampala)

Mama, Jungfraujoch iache kwanza. Kutoka Geneva ni zaidi ya saa nne kwenda tu, na utabadilisha treni mara kadhaa. Tiketi kamili kuanzia Interlaken, mji ulio chini ya milima hiyo, hukaribia au hupita faranga 200 kutegemea msimu, yaani zaidi ya shilingi laki saba za kwetu Uganda. Siku ya Novemba ni fupi. Utafika juu mchana na kuanza kufikiria kurudi.

Lakini usilale hotelini. Simu yako inakupa utabiri wa mji wa Geneva, ulio kwenye mita 375 hivi juu ya usawa wa bahari. Haikuambii lolote kuhusu mlima. Wingu linaloonekana huko Novemba mara nyingi si la mvua, ni tabaka la ukungu: hewa baridi imelala katika nchi ya chini kati ya safu ya Jura na Alpi, na hewa yenye joto zaidi imeikalia juu ikaizuia kupanda. Ni hali ile ya asubuhi za Kabale, bonde limejaa weupe na aliye kilimani anaota jua. Tofauti ni kwamba ukungu wa Kabale huondoka ikifika saa nne, na wa huko unaweza kukaa siku nyingi mfululizo. Kichwa cha tabaka hilo mara nyingi huwa kati ya mita 800 na 1,200. Ukivuma upepo baridi wa kaskazini mashariki, wenyeji wanauita *bise*, hupanda hadi 1,500 au zaidi.

Kwa hiyo unatafuta mlima unaotokeza juu ya ukungu na usio mbali. Kwako ni Rochers-de-Naye, mita 2,042. Panda treni ya kawaida hadi Montreux, kama saa moja kando ya ziwa, kisha treni ya meno (tumeieleza hapo chini) inayoanzia kituo hicho hicho na kufika juu kwa muda usiofika saa moja. Ukungu ukiwa wa kawaida, utaingia kwenye kijivu baada ya kituo cha Glion na kutokea kwenye jua karibu na Caux, kwenye mita 1,050 hivi. Geuka uangalie nyuma hapo hapo: ziwa limepotea, na weupe umelala bapa hadi milima ya Jura.

Usikate tiketi ya mlima usiku. Usiku huo soma tu taarifa ya idara ya hali ya hewa ya Uswisi, MeteoSwiss, ambayo majira ya ukungu hutaja kichwa cha ukungu kwa mita. Asubuhi, kabla ya kutoka, fungua kamera za moja kwa moja za mlima wenyewe. Karibu kila reli ya milimani inazo. Ukiona sakafu nyeupe na vilele vimetokeza, nenda. Ukiona dari la kijivu juu lakini milima inaonekana chini yake, nenda pia, ila picha zako zitakuwa baridi baridi. Ukiona kijivu kitupu na matone kwenye kioo, kilele kimo ndani ya wingu, baki chini. Na angalia saa iliyoandikwa kwenye picha. Kamera ikiganda hubaki kuonyesha jua la jana, na watu wamewahi kupandishwa na jua la jana.

Jambo la mwisho kwako Mama: Novemba ni mwezi wa matengenezo. Reli nyingi za huko hufunga sehemu ya juu kwa siku au wiki kadhaa. Tazama ratiba ya tarehe yako hasa.

Mimi ni wa Kasese. Rwenzori huonekana asubuhi, ikifika saa tano imeshafunikwa. Je, na Alpi ni hivyo? Nitakwenda Julai. (Msomaji, Kasese)

Wakati wa kiangazi chao, ndiyo, kanuni yako inafanya kazi vizuri. Jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na kufikia adhuhuri vilele vimevaa mawingu. Alasiri mara nyingi huja radi. Panda treni ya kwanza au ya pili, na uwe umeanza kushuka kufikia saa sita au saba mchana.

Unaweza hata kukisia mawingu hayo yataanzia urefu gani. Chukua joto la bondeni, toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia unyevu wake huanza kuwa matone, ambacho programu nyingi za hali ya hewa hukionyesha, kisha zidisha tofauti kwa 125. Jibu ni mita juu ya mahali uliposimama. Mfano: Interlaken iko mita 567. Joto likiwa nyuzi 18 na kiwango cha umande nyuzi 12, tofauti ni 6, mara 125 ni 750. Wingu litaanzia karibu na mita 1,300. Schynige Platte, reli ya mwaka 1893 inayofika mita 1,967, itakuwa ndani ya wingu. Fanya hesabu hiyo kwa mawingu ya marundo yanayozaliwa na joto la mchana tu. Mvua inayoletwa na mfumo mkubwa kutoka Atlantiki haifuati hesabu hiyo.

Naomba mnifafanulie hayo "meno". Na kwa nini reli yetu kutoka Nairobi hadi Kampala haikuyahitaji, nayo inapanda milima? (Mstaafu wa reli, Tororo)

Mzee, swali lako limetufurahisha. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana, na reli ikilowa hushika kidogo zaidi. Reli ya Bernina, inayotoka Uswisi kwenda Tirano nchini Italia, hupanda asilimia 7 (mita 7 kwa kila mita 100 za mlalo) bila meno hadi mita 2,253, na hapo iko karibu na mwisho wa kinachowezekana kwa treni ya kawaida. Zaidi ya hapo gurudumu linazunguka bure, au, hatari zaidi, linateleza wakati wa kushuka.

Dawa ni kuweka reli ya tatu katikati, yenye meno, na gurudumu la meno chini ya behewa linaloingia humo. Mhandisi Niklaus Riggenbach alitengeneza ngazi ya chuma: vyuma viwili sambamba, na vipago kati yake. Ndiyo iliyotumika kwenye mlima Rigi nchini Uswisi, juu ya kijiji cha Vitznau, iliyofunguliwa tarehe 21 Mei 1871, reli ya kwanza ya kupanda mlima Ulaya. Roman Abt alitumia vyuma bapa vilivyosimama ubavu kwa ubavu, meno yakipishana, ili jino moja likitoka jingine liwe limeshashika. Mwendo unakuwa laini. Reli ya Gornergrat, ya mwaka 1898, iko hivyo. Reli ya Jungfrau, ile ya kwenda Jungfraujoch, inatumia mtindo wa Emil Strub, reli moja nene iliyochongwa meno kichwani.

Reli ya mlima Pilatus ndiyo ya ajabu. Inapanda hadi asilimia 48, mita 48 kwa kila mita 100 za mlalo, na ilifunguliwa mwaka 1889. Kwa mwinuko huo gurudumu lililosimama lingeweza kupanda juu ya meno na kuyaacha. Eduard Locher akayalaza magurudumu: mawili mawili, moja kila upande wa chuma cha katikati, yakikibana kutoka kushoto na kulia. Hayawezi kuruka. Hasara yake ni kwamba njia panda ya kawaida ya reli haiwezekani. Kipande kizima cha njia lazima kisogezwe au kigeuzwe ndipo treni ihame.

Kuhusu njia yetu: upana wake ni milimita 1,000, sawa kabisa na Jungfrau na Gornergrat. Na pale Timboroa, Kenya, ilipita juu ya mita 2,700, juu kuliko Rigi na Pilatus zote mbili. Wapimaji walilipa kwa urefu: njia ilizungushwa kwenye miteremko ili mwinuko ubaki mdogo. Jungfrau hupanda kutoka mita 2,061 pale Kleine Scheidegg hadi mita 3,454 kwa kilomita 9.3 tu, nyingi zikiwa ndani ya mwamba wa milima ya Eiger na Mönch. Kupata kimo hicho kwa mwinuko wa asilimia 2 kungehitaji kilomita 70 hivi za reli. Pa kuziweka hapapo.

Utapenda na hili: treni ya umeme ikishuka, mota zake hugeuka kuwa majenereta, na umeme wake hurudi kwenye waya kumsaidia anayepanda. Ndiyo breki yake ya kwanza. Na utaona kushuka kunakwenda polepole kuliko kupanda. Huo ni usalama, dereva hajachoka.

Nina miaka 67 na presha. Nitakuwa na mjukuu mwenye selimundu (siko seli). Tunaweza kupanda? Na tuvae nini? (Mzee wa Masaka)

Mzee, mjukuu asipelekwe Jungfraujoch wala Gornergrat, yenye mita 3,089, kabla daktari wake hajakubali. Juu ya Jungfraujoch mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani, na oksijeni anayoivuta kila pumzi hupungua kwa kiasi hicho. Upungufu wa oksijeni na baridi, vyote viwili, vinaweza kuamsha maumivu makali ya selimundu. Rigi, mita 1,797, ni chaguo la busara zaidi, lakini baridi iko pale pale: mfunike vizuri, mpe maji mara kwa mara.

Wewe, kama presha imetulia kwa dawa, muulize daktari na umtajie mita hasa. Kutoka Grindelwald Terminal, kituo kilicho bondeni, mtu hufika Jungfraujoch kwa dakika 45 hivi, mwili haupati nafasi ya kuzoea. Kuishi Masaka au Kampala kwenye mita 1,200 hivi kunasaidia kidogo tu. Tembea taratibu, usipande ngazi kwa haraka. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, shuka na treni inayofuata, usingoje kipite.

Nguo: joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Interlaken ikiwa na nyuzi 20, Jungfraujoch tarajia nyuzi 1 hivi, na upepo huzidisha baridi. Vaa tabaka: fulana ya sufu au poliesta ndani, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo na maji. Pamba hunyonya ukungu na kukaa mbichi mwilini. Mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, ina makoti mazuri kuliko utakayonunua Uswisi, ila kagua zipu na mishono ya mabega. Viatu viwe na soli yenye mikunjo. Na beba miwani ya jua hata kama kumefunga: wingu jepesi hupitisha miale, na theluji huirudisha machoni kutoka chini. Ngozi nyeusi haiungui upesi. Macho na midomo havina kinga hiyo.

Nikipanda nikakuta ukungu, sirudishiwi fedha? (Msomaji, Arua)

Hurudishiwi. Tiketi inalipia safari, mandhari ni bahati yako. Ndiyo maana tunasema nunua asubuhi. Tiketi ya watalii ya Swiss Travel Pass inakuingiza Rigi bila kuongeza kitu, nusu bei Pilatus na Gornergrat, na punguzo la robo tu Jungfraujoch. Siku ya mawingu mwenye pasi hiyo aende Rigi. Akikuta kijivu amepoteza muda tu. Lipa kwa kadi ya benki. Pesa za simu za kwetu hazifanyi kazi huko, na usingoje kuligundua hilo kwenye dirisha la tiketi.

Na kama kumefunga kila mahali, juu na chini? (Mwanafunzi, Mbarara)

Kwanza hakikisha ni kila mahali. Alpi hugawa hali ya hewa: upepo ukitoka kaskazini, mawingu hukwama upande wa kaskazini, na kusini, jimbo la Ticino, mara nyingi kuna jua. Kutoka Zürich, kwa njia ya handaki la Gotthard la kilomita 57 lililofunguliwa 2016, unafika Lugano kwa kama saa mbili. Karibu na hapo, Capolago, kuna reli ya meno ya mwaka 1890 inayopanda Monte Generoso, kama mita 1,700. Haiendi mwaka mzima, kwa hiyo tazama msimu wake. Tafuta kamera yake kabla ya kukata tamaa.

Kama nako ni kijivu, shuka. Bonde la Lauterbrunnen hupendeza zaidi siku ya mvua, maporomoko yakiwa yamejaa, na yale ya Trümmelbach yamo ndani ya mwamba, hayahitaji anga safi. Majira ya baridi hufungwa. Ukiwa Luzern, jumba la makumbusho ya usafiri, Verkehrshaus, lina injini ya zamani ya Rigi yenye bwela lililosimama wima. Inama uangalie chini yake, gurudumu la meno linaonekana vizuri kuliko utakavyoliona kwenye treni yoyote inayotembea.