Swali la Lugha: "Kelele" ya Leza

Mwalimu wa fizikia wa Iringa anatafsiri makala kuhusu leza zinazotumiwa kuzalisha ishara za mikrowevu na terahezi (mawimbi yanayotetema mabilioni hadi matrilioni ya mara kwa sekunde). Anauliza kama ni sahihi kuandika "leza zilizoimarishwa" na "ishara zenye kelele ndogo", kwa sababu wanafunzi wake wanataka kujua ni kelele gani hiyo ilhali leza haitoi sauti.

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kuuliza. Anayesikiliza redio Tukuyu siku ya radi husema redio inakwaruza, na hapo "kelele" inaeleweka mara moja kwa kuwa inasikika. Katika ishara itokanayo na leza, kinachosumbua zaidi ni kuyumba kwa awamu: mawimbi hayafuatani kwa vipindi vilivyo sawa, bali moja huwahi kidogo na jingine huchelewa, mfano wa mpiga ngoma asiyeshika mapigo. Tumia "kelele ya awamu" kama istilahi, lakini ifafanue kwa kitenzi "kuyumba" inapotokea mara ya kwanza. Tena iwe kelele "kidogo", kwa maana tunataja kiasi, kama tusemavyo maji kidogo au chumvi kidogo.

"Kuimarisha" ndilo neno linalonitia wasiwasi zaidi. Msomaji atadhani leza imeongezewa nguvu, kumbe masafa yake, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yamefungwa kwenye uwazi ulio kati ya vioo viwili vinavyotazamana, ambao urefu wake haubadiliki kwa urahisi, ili yasihamehame. Hiyo ni leza iliyotulizwa. Utulivu huo ndio unaorithiwa na ishara: mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hutetema mara trilioni 193 hivi kwa sekunde, na chanuo la masafa (mwanga wa leza wenye masafa mengi yaliyopangwa kwa nafasi sawa kama meno ya chanuo), ambalo wanafizikia John Hall na Theodor Hänsch walitambuliwa kwa mchango wao katika kulibuni walipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, huyagawa masafa hayo hadi gigahezi 10 (mitetemo bilioni 10 kwa sekunde), yaani huyagawa kwa takriban 19,000, na kuyumba kwa awamu kukapungua kwa kiasi hicho hicho. Ishara ya terahezi yaweza kupatikana kwa kuchanganya miale ya leza mbili, tofauti ya masafa yao ikawa ndiyo ishara yenyewe.

Kwa kuwa "mikrowevu" kwa wengi ni jiko, tanguliza neno "mawimbi". Kichwa chako kisomeke: "Leza Zilizotulizwa na Uzalishaji wa Mawimbi ya Mikrowevu na Terahezi Yenye Kelele Kidogo".