Ukame umeunganika na kila kitu: nimekosea wapi kwenye ramani ya vihatarishi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Moshi, kitengo cha mipango cha taasisi inayohudumia wakulima na watu wa utalii. Tumewapa dodoso wataalamu 24 wapime vihatarishi 12 kwa alama 1 hadi 5, uwezekano na athari. Kisha kila mmoja akachagua jozi 5 za vihatarishi anavyoona vinahusiana. Nimezidisha uwezekano kwa athari, nikachora ramani ya mistari kama zile za ripoti za dunia: kila mstari unaunganisha vihatarishi viwili, na unanenepa kadiri jozi ilivyotajwa. Ukame umeunganika na karibu kila kitu. Mkurugenzi anasema hilo alilijua kabla hatujatumia hela ya dodoso. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mkurugenzi wako ana hoja, lakini data yako haijaharibika. Umehesabu mara ngapi jozi imetajwa ukaishia hapo.

Hapa Kilimanjaro na Arusha ukame uko kichwani mwa kila mtu. Mtu akiwa ameshaufikiria, ataubandika kwenye jozi mbili tatu kati ya zake tano. Kwa hiyo mistari yake itakuwa minene hata kama watu wangechagua mwenzake kwa kubahatisha. Inabidi ujiulize: jozi hii imetajwa kuliko ambavyo bahati tupu ingeleta?

Hesabu yake inafanyika kwenye Excel. Watu 24 kwa jozi 5 ni jozi 120, na kila jozi ina nafasi mbili, hivyo nafasi 240. Tuseme ukame umetokea mara 60 na upungufu wa maji mara 40. Zidisha 60 kwa 40, gawa kwa 240: unapata 10. Hizo ndizo takriban ambazo ungetarajia kwa bahati. Ikiwa jozi hiyo imetajwa mara 11, mstari wako mnene hausemi kitu. Sasa chukua ugonjwa wa mlipuko uliotajwa mara 18 na kushuka kwa watalii mara 20. Matarajio ni 1.5 tu. Ikitajwa mara 9, hapo pana habari, ingawa kwenye ramani yako ya sasa ni mstari mwembamba ambao hakuna atakayeutazama. Chora unene kwa uwiano wa kilichotajwa na kilichotarajiwa, yaani 9 gawa kwa 1.5. Ila jozi iliyotajwa na mtu mmoja au wawili iache nje, maana kwa namba ndogo uwiano huruka ovyo.

Mfano huo wa ugonjwa sikuuokota hewani. Ripoti ya Vihatarishi vya Dunia ya Jukwaa la Uchumi Duniani hutoka tangu 2006 na hutegemea dodoso la wataalamu. Katika toleo la Januari 2020, vitano vya juu kwa uwezekano vyote vilikuwa vya mazingira. Magonjwa ya kuambukiza yalikuwa ya kumi kwa athari, na kwa uwezekano hayakuingia kumi bora. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza janga la Korona. Watalii waliokuja Tanzania wakashuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Waliokuwa na hoteli Arusha hawahitaji kukumbushwa. Toleo la 2021 likayapandisha magonjwa hayo hadi nafasi ya kwanza kwa athari. Dodoso hupima wasiwasi wa watu kwa wakati ule. Andika hivyo kwenye ripoti yako, juu kabisa, si kwenye kiambatisho.

Kuhusu kuzidisha: acha. Alama 5 kwa 1 na 1 kwa 5 zote zinatoa 5, lakini kero ya kila wiki si sawa na balaa la mara moja. Weka mihimili miwili kwenye mchoro, mmoja wa uwezekano na mwingine wa athari. Pia angalia mtawanyiko, kwani wastani wa 3 unaweza kutoka kwa watu wote kusema 3, au nusu kusema 1 na nusu 5. Hali hiyo ya pili ni mgogoro wa kitaalamu, nami ningeupa aya yake. Warudishie majibu bila majina, waeleze sababu, wapime tena. Ndiyo njia ya Delphi iliyobuniwa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, miaka ya 1950.

Hukuniambia hao 24 ni akina nani. Kama wengi ni wa utalii, ramani yako ni ya utalii.

Mwisho, mistari yako haina mishale. Jozi inasema viwili vinakwenda pamoja, haisemi kipi kinaanza. Chukua jozi kumi zenye uwiano mkubwa, wapigie simu watu walewale, uulize: kipi kinasababisha kipi, kupitia njia gani, na baada ya muda gani? Asiyeweza kuitaja njia, jibu lake usiliwekee mshale.